Mvi za Jukwaani

Wapo watu wazikimbiao mvi, na wapo wazitakao. Katika miji yetu ya pwani utawaona wazee waliotia ndevu zao hina hata zikawa nyekundu kama kutu ya chuma, nao hujiona wamependeza. Na utawaona wengine wapakao piko kila mwezi ili jirani asijue umri wao. Sina ugomvi na hawa wala na wale. Mimi ni wa kundi la tatu, kundi dogo lisilotajwa popote: nimetumia jioni nyingi kuwatia mvi watoto wa watu ambao hata ndevu hawajaota. Ni kazi ya mwalimu asimamiaye michezo ya kuigiza shuleni. Kwa nje yaonekana kazi ya mzaha, na mimi nilipoianza niliifanya kwa mzaha. Nitakueleza, msomaji wangu, jinsi mzaha huo ulivyonitoka.

Nilikuwa na umri wa miaka 22, mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Darasa letu lilitunga mchezo wa mzee atokaye shamba kwenda mjini kumtafuta mwanawe, ambaye amekuwa mkubwa wa ofisi. Mzee anafika, amechoka, amebeba kuku kikapuni. Mwana yuko mbele ya wageni wenye suti. Anamtazama baba yake, kisha anawaambia wageni kuwa mtu yule ni mtumishi wa zamani wa nyumbani kwao. Hapo mzee hana neno la kusema. Anavua kofia yake, kama mtumishi avuavyo mbele ya bwana wake, anaweka kikapu chini, anatoka. Mchezo umekwisha. Sehemu ya mzee nilipewa mimi, na nilijivuna nayo sana.

Tatizo lilikuwa nywele. Nywele zangu zilikuwa nyeusi ti, nami nilitakiwa niwe mtu wa miaka 70. Mwenzangu mmoja akaenda jikoni akachota unga wa ngano, akanimwagia kichwani kama mpishi anayenyunyizia kibao cha chapati. Tukatazama kioo, tukacheka, tukaona kuwa inatosha. Nikavaa kofia juu ya unga huo, nikaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na joto lilikuwa la mwezi wa pili, ambalo mtu wa pwani halihitaji kuelezwa. Kabla sijafika ofisini kwa mwanangu, jasho lilikwisha kuchanganyika na unga. Michirizi myeupe ilinishuka usoni. Juu ya nyusi kulifanyika donge la kinyunga. Watu walianza kuguna. Nilipofika mahali pa kuvua kofia, mahali ambapo tulitumaini kwamba ukumbi wote ungenyamaza, unga mkavu uliobakia utosini ulipaa juu kama vumbi la barabarani lipitiwalo na lori. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka pazia likafungwa, na baada ya kufungwa waliendelea kucheka. Hata yule aliyekuwa mwanangu alikuwa akicheka.

Nilinawa uso, nikatoka nje peke yangu. Penye lango alikuwapo bawabu wa usiku, mzee mrefu mwenye koti la jeshi, ambaye sote tulimzoea na hapana aliyemjua. Alikuwa ameutazama mchezo kupitia dirishani.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mlikuwa mkimcheka nani mle ndani?"

Nikamjibu kuwa watu waliucheka unga.

"Mimi niliona wanamcheka yule mzee," akasema. Akakaa kimya kidogo. "Hata mimi nina mwana mjini." Kisha akaenda zake kutazama makufuli.

Sikulala upesi usiku ule. Siku zilizofuata nikajikuta namtazama bawabu kichwani kila nipitapo langoni, naye mwisho akaligundua jambo hilo, akaniuliza natafuta nini kichwani mwake. Nilimwambia kweli: nataka kujua mvi zikoje, maana nilidhani najua, kumbe sijui. Nilichelea kuwa atakasirika. Hakukasirika. Alivua kofia, akakaa juu ya kigoda chake mahali penye jua, akasema, "Basi tazama vizuri, usije ukanitia unga tena."

Nilivyoona ndivyo nitakavyosema. Kichwa chake hakikuwa cheupe. Panja zake, yaani pande mbili za uso kutoka kwenye macho hadi juu ya masikio, ndizo zilizokuwa nyeupe kabisa, na weupe huo ulipanda juu ukipungua kidogo kidogo. Utosini nyeusi na nyeupe zilichanganyika, kama chumvi iliyomwagika juu ya pilipili manga. Kisogoni zilikuwapo nywele nyeusi tele, kana kwamba uzee umemjia kwa mbele nao haujafika nyuma. Ndevu zake zilikuwa nyeupe kidevuni na za kijivu mashavuni. Nyusi zilikuwa na nywele ndefu mbili tatu zilizosimama peke yake. Tena weupe wenyewe haukuwa mweupe wa unga wala wa chaki: ulikuwa na umanjano kidogo, kama pembe ya ndovu. Nilikuwa nimeishi miaka 22 katikati ya wazee, nikiwaamkia asubuhi na jioni, na sikuwa nimepata kumtazama hata mmoja.

Baadaye nilisoma sababu za mambo haya, na sayansi ilikubaliana na kichwa cha bawabu. Kila unywele huota kutoka katika kifuko kidogo ndani ya ngozi, na ndani ya kifuko hicho zimo chembe hai zitengenezazo rangi iitwayo melanini. Mtu akizidi kuwa na umri, chembe hizo hupungua, na mwisho huisha. Basi unywele unaoota baada ya hapo huota bila rangi. Unywele uliokwisha kuota mweusi haubadiliki kuwa mweupe. Ni ule uufuatao ndio utokao mweupe. Na kwa kuwa vifuko havichoki vyote siku moja, kwa miaka mingi nyeusi na nyeupe hukaa pamoja. Ule ukijivu tuuonao kwa mbali, kwa sehemu kubwa, ni jicho letu lichanganyalo rangi hizo mbili. Kwa wanaume wengi mvi huanza panjani, kisha hupanda utosini, na kisogo huwa cha mwisho. Watu wa asili ya Kiafrika hupata mvi wakiwa wamechelewa kidogo, kwa wastani katikati ya miaka yao ya 40, na watu wa asili ya Kizungu huanza karibu na miaka 35. Kwa hiyo kijana atakaye kuigiza mtu wa miaka 40 wa kwetu, na akajipaka kichwa kizima, amekwisha kusema uongo kabla ya kufungua kinywa.

Hapa ndipo penye siri yote ya kazi hii: atakaye kutia mvi hana budi kujua mahali pa kuacha weusi. Unga ulinishinda kwa sababu ulitiwa kila mahali.

Nilipopata kazi ya kufundisha, katika shule ya upili iliyo upande wa vilima vya Shimba, nilikabidhiwa michezo ya kuigiza kwa sababu hapana mwalimu mwingine aliyeitaka. Nikaanza kujaribu. Poda ya watoto ina ubaya ule ule wa unga, kwamba hupaa mwigizaji akitikisika, na zaidi ya hapo vumbi lake likivutwa si jema kwa mapafu. Chaki niliijaribu, maana mwalimu haishiwi na chaki. Husagika vizuri, lakini hukausha nywele na kumwagika mabegani. Majivu yana rangi nzuri ila huwasha macho. Mtu mmoja alinishauri rangi nyeupe ya viatu, ambayo zamani waigizaji wengine waliitumia. Nikakataa, kwa kuwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kiatu sikioni sababu ya kukipaka kichwani pa mtoto wa mtu. Mwisho nilinunua Mombasa kibao kidogo cha rangi nyeupe ya jukwaani, ile ilowanishwayo kwa maji, na vijibao viwili vya manjano na kahawia. Fedha zilitoka mfukoni mwangu, na sijazijutia.

Kosa langu la kwanza na rangi hiyo lilikuwa kuitumia ilivyo. Nyeupe tupu, ikitandazwa nyembamba juu ya unywele mweusi, huonekana ya samawati chini ya taa kali. Kijana niliyempaka alionekana kama mtu aliyetolewa mtoni baada ya siku tatu. Ndipo nilipoukumbuka ule umanjano wa kichwa cha bawabu. Nikachanganya nyeupe na manjano kidogo sana na kahawia kidogo zaidi ya hapo, na usamawati ukaondoka.

Kosa la pili lilitokana na vichwa vyenyewe. Vitabu vya ufundi huu vimeandikwa na watu wenye nywele ndefu zilizolala, navyo husema: chukua mswaki wa zamani, uchovye rangi, uupitishe juu ya nywele kutoka mbele kwenda nyuma. Wanafunzi wetu hunyolewa zikabaki nywele fupi zilizojikunja, nawe ukipitisha mswaki hapo rangi hufika kwenye ngozi, na mtoto huonekana ana mba, au amemwagikiwa maziwa. Mvi hukaa kwenye unywele; ngozi ya chini hubaki na rangi yake. Nilihangaika na jambo hili muhula mzima. Dawa yake ilikuwa sifongo yenye matundu makubwa. Huchovywa rangi, hukamuliwa mpaka ikaribie kukauka, kisha hugusishwa juu ya ncha za nywele tu, kwa mkono mwepesi, kama mtu anayejaribu joto la pasi. Ncha hushika rangi, mashina hubaki meusi, nawe umepata ule mchanganyiko wa chumvi na pilipili bila kuutafuta. Panjani unarudia mara tatu au nne. Utosini mara moja. Kisogo unakiacha kama Mungu alivyokiumba.

Nyusi ndizo zinazosahauliwa, na nyusi nyeusi chini ya kichwa cheupe humfanya mzee aonekane mwizi aliyejigeuza. Mswaki hapa hufaa. Unaupitisha kinyume cha zinavyoota, zisimame. Rangi ikishika, unazilaza nusu tu. Rangi ikikauka, bonyeza poda kidogo kwa kitambaa ili jasho lisiipate, kisha upanguse ile iliyozidi, maana tumekwisha kuona yapatikanayo pale inapopaa. Na siku moja kabla ya yote haya, mpake mwigizaji rangi kidogo upande wa ndani wa mkono, uone kama ngozi itawasha. Mswaki wa mmoja usiwe wa mwenziwe. Kuondoa si kazi kubwa: mafuta kidogo, kisha maji na sabuni.

Bado kuna jambo la umbali. Nilikuwa nikimaliza kumpaka mtu nasimama mbele yake, pua kwa pua, na kujisifu. Kumbe mtazamaji wa benchi la mwisho haoni kitu. Siku hizi kila nikitia mguso mmoja hutembea mpaka mwisho wa ukumbi, nikageuka, nikatazama, nikarudi. Wanafunzi hunicheka kwa safari hizo. Nahesabu kuwa kichwa kimoja hunigharimu karibu nusu saa, na nusu ya muda huo nautumia kutembea.

Si sisi tulioanza kuhangaika na nywele za wazee. Pollux, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 2, aliorodhesha vinyago vya michezo ya kale, na miongoni mwa vinyago vya wazee alitofautisha mwenye nywele nyeupe na mwenye nywele zilizochanganyika. Kwa hiyo watu wale walikwisha kulijua lile ambalo mimi nilifundishwa langoni. Huko Ulaya, kwa muda mrefu, weupe wa rangi za uso ulitokana na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mwimbaji mmoja wa Kijerumani, Ludwig Leichner, akafungua kiwanda Berlin mwaka 1873 cha kutengeneza rangi za mafuta za jukwaani zisizo na risasi, na waigizaji wengi wakapona. Katika mwaka 1742 Mwingereza David Garrick, kijana wa miaka 25, aliigiza London sehemu ya Mfalme Lear wa Shakespeare, mzee aliyepita miaka 80. Na inasimuliwa kwamba alijifunza sehemu hiyo kwa kumtazama mzee mmoja aliyerukwa na akili kwa majonzi ya mtoto wake. Orson Welles, Mmarekani, naye alikuwa na miaka 25 alipokuwa akipigwa picha za filamu ya "Citizen Kane", iliyotoka mwaka 1941, ambamo anaanza akiwa kijana na kuishia akiwa mkongwe. Vijana wamekuwa wakiazima uzee tangu zamani, na wale walioazima vizuri walikwenda kwanza kumtazama mwenye mali.

Basi nikaurudia ule mchezo wa mzee na kikapu. Kwa nini niliurudia naweza kusema sijui, lakini nitakuwa nadanganya. Sehemu ya mzee nilimpa kijana wa kidato cha tatu, mtulivu, ambaye darasani hunena ukimwuliza tu. Nilimwagiza aende nyumbani wakati wa likizo akamtazame babu yake: anavyokaa, anavyoinuka, mahali mikono iendapo anapokosa la kusema, na mvi zake zilipo. Alirudi na karatasi ambayo ameuchora mduara wa kichwa na kutia nukta za kalamu mahali pa weupe. Upande wa kushoto nukta zilikuwa nyingi kuliko wa kulia. Nilimwuliza kama ameteleza kalamu. Akasema, "La, mwalimu. Ndivyo alivyo." Nikampaka kwa kuifuata karatasi hiyo.

Ilikuwa siku ya wazazi, saa za alasiri. Sitasema kuwa mchezo ulikwenda bila kasoro, kwa kuwa kuku alitoroka kikapuni na kumkimbilia mgeni wa heshima. Watu walicheka, nami moyo ukanipasuka nikidhani yamerudi yale yale. Lakini mzee hakumjali kuku. Alisimama akimtazama mwanawe. Akavua kofia, taratibu, kwa mikono miwili, na taa zikampata panjani. Hapana kilichopaa. Kicheko kikakatika chenyewe, si kwa mara moja, bali benchi baada ya benchi, mpaka nikawa nasikia feni za darini. Akaweka kikapu kitupu chini, akatoka. Hapana aliyepiga makofi kwa muda, hata nikaingiwa na hofu ya namna nyingine.

Baada ya hapo niliwaachia wanafunzi wakanawe bombani, mimi nikabaki nikikusanya vifaa. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mara yule kijana akaja mbio, mzee wa miaka 70 akikimbia kwa miguu ya miaka 16, na uso wake umejaa fadhaa.

"Mwalimu, nimefanya vibaya."

"Umefanya nini?"

"Nimeamkiwa na mtu mzima. Mzazi. Amechelewa gari, ndiyo kwanza anafika. Alinikuta nimeinama penye bomba akaniambia, shikamoo mzee, ofisi iko wapi."

"Nawe ukasemaje?"

Akatazama chini. "Niliitikia. Nilisema marahaba. Nikamwonyesha ofisi."

Sikujua kama nicheke au nimkemee. Nilimwambia anawe kwanza. Nilimmiminia mafuta kiganjani, akajisugua, na maji ya kijivu yakashuka shingoni yakaingia mferejini, na mtoto akarudi kidogo kidogo kutoka chini yake. Kisha nikamchukua tukaenda tukamtafuta yule mzazi. Tulimkuta ukumbini kwenye benchi la nyuma, mtu wa makamo, mfuko magotini, akimngoja binti yake. Nikamweleza habari yenyewe. Alimtazama kijana, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Ni huyu?" akauliza. "Huyu huyu?"

"Ndiye."

"Basi ile uliyoichukua nirudishie."

Kijana akainama akasema, "Shikamoo, baba."

Yule mtu hakuitikia upesi. Alinyoosha kidole, akampangusa nyuma ya sikio la kushoto palipokuwa pamebaki weupe kidogo, akakitazama kidole chake kwenye mwanga wa mlango. Ndipo akaitikia.